Tochi ya Hatua Mbili na Usiku wa Saa 12

Kabla tochi hazijajaa madukani, nyumba yenye chemli ilikuwa na kitu ambacho nyumba yenye kibatari haikuwa nacho. Chemli ina kigurudumu kidogo ubavuni. Ukikizungusha huku, utambi unapanda na mwanga unakua; ukikirudisha, utambi unazama na mafuta yanaliwa taratibu. Wakati wa kula taa ilipandishwa, wakati wa kulala ikashushwa, ukabaki mwanga wa kuonyesha mlango tu. Kibatari hakikuwa na chaguo hilo: kinawaka au kimezimwa. Tochi ya bati ya betri mbili kubwa ilipokuja nayo ilikuwa hivyohivyo, pamoja na mng'aro wake wote. Leo nyingi kati ya tochi ndogo za LED zinazopangwa chini mnadani zina swichi ya hatua mbili, mwanga mdogo kisha mwanga mkali. Je, hatua ile ya kwanza inafanya kazi ya maana, au ni pambo la kumvuta mnunuzi?

Issuna ni mahali pazuri pa kuliulizia swali hili. Ni kata ya Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, kando ya barabara kuu inayotoka Manyoni kwenda Singida mjini. Iko takriban digrii 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo usiku wake hauna msimu: ni karibu saa 12 mwaka mzima, masika na kiangazi. Hata pale nguzo za umeme zilipofika, umeme unaishia ukutani mwa nyumba. Njia ya chooni, zizi la mbuzi, banda la kuku na magunia ya alizeti yaliyolazwa nje vinabaki gizani. Kazi nyingi kati ya hizo hazihitaji mwanga mkali. Anayekwenda kuhesabu kuku anahitaji kuona hatua tatu mbele yake. Anayeshuka basi saa 8 usiku anahitaji kuona mfereji wa barabara. Mwanga mkali unahitajika pale mbuzi wanapopiga kelele na mtu anataka kujua kama kilicho nyuma ya uzio ni mbwa wa jirani au fisi, na hilo ni jambo la dakika mbili. Kwa hiyo tochi ya Issuna hupimwa zaidi kwa saa nyingi za mwanga mdogo kuliko kwa dakika chache za mwanga mkali, ingawa dukani huuzwa kwa sifa ya huo mwanga mkali.

Tuanze na tochi ya zamani, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini jambo hili limechelewa. Tochi ya mkononi yenye betri ndani ya bomba ilipewa hataza nchini Marekani tarehe 10 Januari 1899, kwa jina la David Misell, na biashara yake ikakua chini ya jina la Ever Ready. Kwa karibu miaka 100 iliyofuata umbo halikubadilika sana: bomba la bati, betri mbili za ukubwa wa R20, glopu mbele, swichi ya kusukuma kwa kidole gumba, na mara nyingi kitufe chekundu cha kuwashia kwa kuminya tu. Nafasi ya kuongeza hatua ya pili ilikuwapo. Rezista ilikuwapo. Wenye viwanda hawakuiweka, na hawakukosea.

Glopu ya tochi huwaka kwa sababu waya wake wa ndani umepashwa moto mpaka ukameremeta. Ukiupunguzia umeme kidogo, joto linashuka, na mwanga unaporomoka kwa kasi kubwa kuliko umeme wenyewe. Kwa hesabu wanayoitumia wahandisi wa taa, volti ya glopu ikipungua kwa asilimia 20, mwanga unabaki chini ya nusu, asilimia 47 hivi. Lakini mkondo unaotoka kwenye betri unashuka kwa asilimia 12 tu, kwa kuwa waya uliopoa kiasi hupitisha umeme kirahisi zaidi. Yaani mtumiaji anapoteza zaidi ya nusu ya mwanga ili aokoe sehemu ndogo ya betri, na tofauti yote inageuka joto ndani ya rezista. Ndiyo maana waliotaka hatua mbili kwa glopu walilazimika kutumia njia nyingine: kuweka glopu mbili, au glopu moja yenye nyaya mbili za kuwaka. Taa za kofia za wachimbaji wa makaa ya mawe za karne ya 20 nyingi zilifanywa hivyo, na faida yake kubwa haikuwa kubana matumizi. Waya mmoja ukikatika chini ya ardhi, mchimbaji alizungusha kifundo na kuutumia wa pili kutokea nje. Taa ya mbele ya bodaboda yenye glopu bado ina nyaya mbili, dimu na fulu. Dereva asidhani dimu inaokoa umeme, maana nyaya zote mbili huwa na wati zilezile au zinazokaribiana sana. Kinachobadilika ni mwelekeo wa mwanga, usimpige machoni anayekuja.

LED iligeuza hesabu hiyo. Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia, Japani, alitoa LED angavu ya buluu mwaka 1993, LED nyeupe ikafuata mwaka 1996, na mwaka 2014 yeye pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. LED nyeupe haiwaki kwa joto. Inahitaji volti ya kuanzia, karibu 2.6 au 2.7, na baada ya hapo ongezeko dogo la volti linaleta ongezeko kubwa la mkondo. Ukipunguza mkondo wake, mwanga hushuka karibu kwa kiwango kilekile, na wakati mwingine hushuka pungufu ya hapo, kwa kuwa LED hufanya kazi kwa ufanisi zaidi ikiwa haijasukumwa sana.

Tuchukue tochi ya kuchaji ya aina inayojulikana sana: betri ya risasi ya volti 4, LED moja kubwa, swichi ya kusukuma ubavuni. Tuseme hatua ya mwanga mkali inapita kwenye rezista ya omu 2.2. LED inachukua volti 3.2, zinabaki 0.8 za kugawiwa rezista, na mkondo unakuwa karibu miliampea 360. Hatua ya mwanga mdogo inapita kwenye rezista ya omu 15. Sasa LED inatosheka na volti 2.9 hivi, zinabaki 1.1, na mkondo ni karibu miliampea 70. Rezista ni kama mlango mwembamba wa zizi: ng'ombe ni walewale, ila wanapita mmoja mmoja. Betri iliyoandikwa miliampea-saa 700 itatoa mwanga mkali kwa takriban saa 2 na mwanga mdogo kwa saa 10. Saa 10 ndani ya usiku wa saa 12, hapo tochi inaanza kufaa.

Hesabu hiyo bado inaupunja mwanga mdogo, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni betri yenyewe. Betri ya risasi, na zaidi sana betri kavu za kawaida kama zile za Tiger Head, hutoa umeme mwingi kwa jumla zikitumika taratibu kuliko zikikamuliwa kwa haraka. Kila anayeanika betri za redio juani ili zipate nguvu kidogo anajua kwamba betri iliyochoka ina akiba ndani. Mwanga mdogo unaifikia akiba hiyo ambayo mwanga mkali haufiki. Sababu ya pili ni jicho. Jicho la binadamu halihesabu mwanga kwa mstari ulionyooka. Mwanga ukipungua mara 5, mtu aliye gizani huona kama umepungua karibu nusu tu. Analipa sehemu moja ya tano ya betri na kupata kitu ambacho macho yake yanakiona kuwa zaidi kidogo ya nusu ya mwanga. Sioni biashara nyingine ndani ya tochi inayompa mtumiaji faida ya namna hiyo.

Sasa tuifungue swichi. Kwa nje ni kidude cha plastiki kinachosogea hatua mbili mbele. Kwa ndani ni kipande cha shaba au bati chenye matuta mawili, ulimi wa swichi, unaoteleza juu ya miguu ya chuma iliyopangwa mstari. Mguu mmoja unapokea umeme kutoka kwenye betri. Ulimi ukiwa nyuma kabisa haugusi njia yoyote na tochi imezima. Ukisogezwa hatua moja, unaunganisha mguu wa betri na mguu wenye rezista kubwa. Ukisogezwa ya pili, unaunganisha na mguu wenye rezista ndogo, au usio na rezista kabisa. Gololi ndogo au kijipinde cha bati kinachoingia kwenye kishimo ndicho kinachotoa mlio wa tik na kuzuia ulimi usiteleze wenyewe. Hakuna kumbukumbu, hakuna kuhesabu umebonyeza mara ngapi. Mahali swichi ilipo ndiyo hali ya tochi, na mtu anaweza kuijua kwa kidole gizani kabla hajaiwasha. Mambo yote ya tochi yangekuwa hivi, mafundi wangelala mapema.

Fundi akitaka kujua hatua ya chini imetengenezwaje atafute rezista mbili. Zile za umbo la punje zenye pete za rangi husomeka hivi: kahawia, kijani, nyeusi ni omu 15, nyekundu, nyekundu, dhahabu ni omu 2.2. Zile ndogo bapa zilizobandikwa kwenye sakiti huandikwa tarakimu: 150 maana yake ni omu 15, tarakimu ya mwisho ikiwa ni idadi ya sifuri za kuongeza, na 2R2 ni omu 2.2. Anayetaka mwanga mdogo zaidi wa kulalia aweke omu 33 au 47 mahali pa ile 15, na saa zitaongezeka kwa kadiri hiyo. Ni ukarabati wa rezista moja na tone la risasi.

Lakini kuna hatua mbili za uongo, na ziko nyingi. Tochi za LED ndogondogo, zile zenye punje 9, 12 au zaidi zilizopangwa duara, mara nyingi hazibadilishi rezista. Hatua ya kwanza inawasha nusu ya punje, ya pili inawasha zote. Mnunuzi anaona nusu imezimwa na kuamini kwamba nusu ya umeme imeokolewa. Kama kila punje ina rezista yake, ni kweli. Tatizo ni kwamba wengi wa watengenezaji hubana gharama kwa kuweka rezista moja kwa punje zote. Hapo umeme wa betri unakadiriwa na rezista hiyo moja, na haujali sana ni punje ngapi ziko mbele yake. Ukizima nusu, mkondo wa jumla unapungua kidogo tu, na punje zilizobaki zinagawana ule uliokuwa wa wenzao, kila moja ikipata karibu mara mbili ya kipimo chake. Mwanga umepungua, betri inaliwa karibu kama zamani, na punje za hatua ya kwanza zinachoka na kuungua mapema. Tochi ya aina hii baada ya miezi huwa na punje za katikati zilizofifia au zenye rangi ya samawati, na za pembeni bado nzima.

Kuijua ni rahisi, na muuzaji hawezi kukukatalia. Elekeza tochi ukutani kwa karibu, iweke hatua ya kwanza, angalia doa la punje moja. Kisha peleka hatua ya pili. Punje ileile ikififia ghafla wenzake wanapowaka, rezista ni ya pamoja na hatua ya chini ni ya uongo. Ikibaki vilevile, hatua ni ya kweli. Usichungulie LED moja kwa moja, ukuta unatosha.

Ubaya mwingine upo kwenye mguso. Vumbi la kiangazi huingia ndani ya swichi, jasho la kidole linafuata, na kutu ya kijani inajijenga kwenye miguu. Mguso mchafu ni rezista ambayo hakuna aliyeiweka. Ukiwa na omu 1 ya uchafu, hatua ya chini haitaona tofauti, maana 15 imekuwa 16. Hatua ya juu ndiyo inayoumia: 2.2 imekuwa 3.2, na karibu theluthi ya mkondo imepotea. Kwa hiyo tochi ambayo mwanga wake mkali umekaribia kufanana na mwanga mdogo inamwambia mwenye nayo kitu. Mara nyingi anaambiwa betri imekufa, anauziwa nyingine, na tatizo linabaki. Kabla ya kununua chochote, sogeza swichi mbele na nyuma mara 20 au 30 ili ulimi ujisugue wenyewe, kisha safisha springi na ncha za betri kwa kitambaa kikavu. Mwanga ukirudi, umeokoa pesa ya betri.

Hapa lazima niseme ubaya wa mwanga mdogo wenyewe, kwa sababu wauzaji hawausemi. Betri ya risasi ya volti 4 haipendi kushuka chini ya volti 3.5. Ikishuka zaidi na kuachwa hivyo, sahani zake hujenga ukoko usiotoka, na kila mara inapoteza uwezo wa kushika chaji. Mwanga mkali hujitangaza unapofifia, mtu akazima. Mwanga mdogo hausemi. LED itaendelea kumeremeta mpaka betri ifike karibu volti 2.8, chini kabisa ya mpaka wa usalama, wakati mwenye tochi amelala na anaiona bado inawaka. Tochi nyingi za bei ya chini hazina kifaa cha kuikata betri isishuke. Kwa hiyo ile hatua inayookoa saa za usiku mmoja inaweza kuua betri kwa miezi michache. Dawa yake ni kuichaji kila asubuhi hata kama inaonekana bado ina nguvu, na kutoiacha ikilala imekwisha.

Na kuchaji kwenyewe kuna neno. Tochi hizi nyingi zina pini mbili bapa zinazochomoza kitakoni, wakati soketi zetu ni za pini tatu, na watu wengi huchomeka kijiti au kalamu kwenye tundu la juu ili soketi ifunguke. Ndani ya tochi hakuna transfoma. Kuna kapasita moja inayopunguza umeme wa ukutani, na hiyo haitengi mtu na umeme wa volti 230. Tochi iliyo kwenye chaji isiwashwe, isifunguliwe, na mtoto asiishike. Hili halihusu hatua mbili, lakini kulipita kimya kungekuwa kosa.

Njia nyingine za kupata hatua mbili kwa nguvu ya mkono zipo, ingawa hazionekani sana kwenye meza za mnadani. Kampuni ya SureFire ya Marekani ilitengeneza tochi ndogo kama L1 na L2 ambazo kitako chake ukikiminya kidogo zinatoa mwanga hafifu, ukikiminya zaidi zinatoa mkali. Tochi yao ya A2 Aviator ilifanya hivyo kwa ujanja mwingine: kuminya kidogo kuliwasha LED tatu za pembeni, kuminya zaidi kukawasha glopu ya katikati. Ziko tochi za kuzungusha kichwa, ambapo kukilegeza robo mzunguko kunaacha mwanga mdogo na kukikaza kunaleta mkali, kwa sababu ukingo wa bomba unagusa au unaachana na duara la shaba kwenye sakiti. Na kuna kitu cha ajabu kilichobuniwa na Mwingereza David Lussey mwaka 1996 na kuendelezwa na kampuni ya Peratech: mpira wenye chembe za nikeli ambao haupitishi umeme ukiwa umelegea, na unaupitisha zaidi kadiri unavyogandamizwa. Waliouweka kati ya betri na kichwa cha tochi walipata mwanga wa kupandisha na kushusha kidogokidogo, karibu sawa na utambi wa chemli. Haukudumu sokoni, kijisahani chake huchakaa kwa kugandamizwa na kusokotwa kila siku.

Katika tochi za kuzungusha kichwa kuna tofauti ambayo fundi asipoijua atahangaika. Tochi ya betri moja ya AA au AAA ina volti 1.5 tu, isiyotosha kuwasha LED nyeupe, kwa hiyo ndani kuna sakiti yenye koili inayoipandisha. Nyingi za sakiti hizo zikipata volti pungufu hudai mkondo mwingi zaidi ili kufidia. Ukiweka rezista njiani, volti inashuka, sakiti inadai zaidi, volti inashuka tena, na mwishowe tochi inazima au inapepesa. Ndiyo maana humo mguso wa kichwa haubebi umeme wa LED. Unatoa amri tu kwa sakiti ipunguze au iongeze. Nayo tochi ya betri mbili kavu, volti 3 kwa jumla, haifai sana kwa rezista: LED inachukua karibu zote, hakibaki cha kugawa, na betri zikichoka kidogo hatua ya chini inakuwa ya kwanza kufa. Rezista inafaa pale penye ziada ya volti, yaani betri tatu kavu, betri ya risasi ya volti 4, au betri ya lithiamu, zikiwemo zile za simu ambazo mafundi wetu huzihamishia kwenye tochi.

Mpinzani mkubwa wa swichi ya kusukuma ni kitufe cha kuminya chenye sakiti ya kuhesabu. Unaminya mara moja mkali, mara ya pili mdogo, mara ya tatu inapepesa, na nyingine zina ishara ya SOS. Sakiti hiyo hupunguza mwanga kwa kuuwasha na kuuzima mara mamia kwa sekunde, na haina hasara ya rezista. Kwa karatasi inashinda. Lakini inajua kwamba umeminya kwa sababu umeme umekatika kwa kitambo kifupi, na haiwezi kutofautisha kidole na mguso mchafu. Ikishatiwa vumbi, tochi inaruka yenyewe kutoka mdogo kwenda mkali kwenda kupepesa, mtu akiwa juu ya ngazi au ndani ya shimo. Katika wilaya ambayo maeneo kama Mang'onyi yana uchimbaji wa dhahabu, taa ya kichwani inayobadilika bila kuamriwa ni hatari, si kero. Mrina asali naye, anayevuna usiku, hataki mwanga mweupe mkali utakaowaita nyuki kwenye uso wake. Anataka mdogo, na akiweza mwekundu, rangi ambayo nyuki hawaioni. Kumlazimisha apite kwenye mkali kila anapowasha ni usanifu wa mtu asiyewahi kukaribia mzinga.

Simu za tochi zimechukua sehemu ya kazi hii. Nokia 1100 ya mwaka 2003 ndiyo iliyoitangaza tochi ya simu, ikauzwa zaidi ya simu milioni 250 duniani, na viswaswadu vya leo vimeirithi. Ni mwanga mdogo mzuri usio na mwenzake mkali, na betri inayoliwa ni ileile ya kupokelea pesa na kupigia simu hospitali. Haiwezi kuondoa tochi.

Kuhusu ubora, Kenya ina ushahidi ulio wazi. Mwaka 2009 watafiti wa Lumina Project, akina Jennifer Tracy, Arne Jacobson na Evan Mills, waliwahoji watumiaji wa tochi za LED nchini humo, na karibu tisa kati ya kila kumi walisema tochi zao zilikuwa zimepata hitilafu ndani ya miezi sita. Wakati huohuo mpango wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia na IFC, ulioanza mwaka 2007, ulikuwa ukipima taa ndogo za sola kwa kudai mtengenezaji aseme zinawaka kwa saa ngapi. Tochi za kawaida zilibaki nje ya uangalizi wa namna hiyo, ingawa ndizo zilizoingia vijijini bila mradi wala semina. Gunther Bensch, Jörg Peters na Maximiliane Sievert walionyesha mwaka 2017, kwa takwimu za nchi kadhaa za Afrika, kwamba kaya za vijijini ziliacha mafuta ya taa na kuhamia kwenye LED za betri kwa pesa zao wenyewe. Wakaonya pia juu ya betri zinazotupwa ovyo. Hatua ya chini iliyo ya kweli inapunguza betri hizo, na hilo peke yake ni sababu ya kuijali.

Hukumu yangu ni kwamba kwa mahali kama Issuna, swichi ya kusukuma yenye rezista mbili inaishinda sakiti ya kuhesabu, mradi hatua yake ya chini iwe ya kweli. Inaeleweka kwa kidole, inatengenezeka kwa risasi na kitambaa, na haina siri. Shirika la Viwango Tanzania lingefanya jambo dogo lenye faida kubwa likiwadai waagizaji waandike kwenye boksi idadi ya saa za kila hatua, kwa Kiswahili, mahali ambapo leo pameandikwa wati na umbali wa mita ambao hakuna anayeupima. Mpaka hapo, ndugu mnunuzi, usimruhusu muuzaji akuwashie mkali peke yake. Mwambie akuwashie mdogo, elekeza ukutani, hesabu punje, peleka hatua ya pili, rudisha. Ikikataa mtihani huo, irudishe mezani uchukue nyingine.